Dohani ya Bibi Febronia

Nyumba ya Raheli pale Ikungi iko kando ya barabara ya Dodoma, na mtu akiuliza ni ipi huambiwa ile yenye dohani. Hakuna nyingine. Aliijenga msimamizi mmoja wa barabara, zamani, kabla Raheli hajazaliwa, mtu aliyekuwa akisikia baridi kuliko wenyeji. Akasimamisha kuta za mawe, nene, na katika chumba cha nyuma akaweka meko ndani ya ukuta, na juu ya meko akapandisha dohani ya mawe ya kutolea moshi mpaka ikapita bati. Alipoondoka, nyumba ilipita mikononi mwa watu wengi hadi ikamfikia Nathanaeli, mume wa Raheli, aliyeinunua ili wakae upande mmoja na upande wa pili wapangishe.

Nathanaeli sasa ni marehemu. Watoto wako Dodoma na Arusha, wana maisha yao. Raheli amebaki na nyumba na nyumba imebaki na Raheli, na katikati yao kuna kile chumba cha nyuma.

Chumba hicho hakikai na mtu. Ndicho kikubwa kuliko vyote, kina mlango wake wa nje, na kila mpangaji akikiona hukitaka. Mwalimu Leonard alikaa humo msimu mzima wa joto bila neno lolote. Baridi ilipoingia akaamka asubuhi moja anatapika, kichwa anakishika kwa mikono miwili, anasema kuna bibi kizee amemkalia kifuani, amembana asipumue. Akahama. Akaja mama mmoja muuza vitenge, mtu wa maombi, akasema jina la Yesu linamtosha. Lilimtosha mpaka Juni. Alitoka chumbani akitambaa, na vitenge vyake akatuma watu waje kuvichukua. Mwinjilisti aliitwa, akaombea kuta nne zote na dari. Joto likirudi, chumba hutulia. Baridi ikirudi, naye hurudi.

Raheli hakuhitaji kuambiwa ni nani. Mama mkwe wake, Bibi Febronia, alifia humo mwezi wa Julai.

Walikuwa wamemleta kutoka kijijini alipozeeka, ili atunzwe, wakampa chumba hicho kwa sababu ya meko. Wakati ule dohani ilikuwa wazi, na upepo wa Singida mnaufahamu. Ukipiga kutoka mashariki, ile dohani ilikuwa inalia. Si mluzi. Ilikuwa inalia kama mtoto mchanga aliyeachwa, inapanda, inakatika, inaanza upya. Wageni walikuwa wakisimama barabarani kusikiliza. Bibi Febronia aliisikia siku ya kwanza tu akasema, "Huyo ni Alute."

Alute alikuwa mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kabla hajaanza kukaa, kabla Nathanaeli hajazaliwa. Kuanzia siku hiyo bibi akawa anavuta kigoda chake mbele ya meko na kuongea na dohani kwa Kinyaturu, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Wakati mwingine alicheka. Raheli akileta uji alikuta bibi amenyamaza, ameweka kidole mdomoni, kwamba wasimwamshe.

Nathanaeli hakuweza kuvumilia. Alikuwa mtu mwema, lakini hilo lilimshinda. Asubuhi moja alipanda juu ya bati na mfuniko wa zege, akaiziba dohani kwa saruji, akashuka akisema, "Sasa mama atapumzika." Majirani walimshukuru. Kwa kuwa meko sasa yalikuwa hayafai kwa kuni, Raheli akawa anampelekea bibi jiko la mkaa, jioni, ili apate joto. Baridi ile ile bibi akalala asiamke. Ilisemwa ni uzee, na kweli alikuwa mzee. Alizikwa kwa nyimbo nzuri.

Miaka ikapita hivyo. Sasa mwaka huu upande wa kupangisha amebaki mtu mmoja tu, Lucy, mshonaji, binti mpole mwenye cherehani yake barazani. Mumewe, Innocent, yuko machimboni, huja na kuondoka. Lucy alikuwa mjamzito, chumba chake cha mbele ni kidogo na kinaingiza upepo kila upande. Akamwambia Raheli kabla hajaenda kujifungua:

"Mama, nikirudi na mtoto nataka chumba cha nyuma. Mama yangu anakuja kuniuguza. Tutakaa wapi sote huku mbele? Na baridi hii."

"Kile chumba, mwanangu, unajua wanavyokisema."

"Najua. Lakini mama, kama hakuna chumba cha nyuma, itabidi nitafute kwingine."

Kumkatalia ni kumpoteza mpangaji wa mwisho. Kumkubalia ni kulaza kichanga mahali ambapo watu wazima wametoka wakitambaa. Raheli alisali juu ya jambo hilo akiwa anapeta alizeti, akasali akiwa anachota maji, na jibu alilolipata ni kwamba akitengeneze chumba kiwe kipya kabisa, kisifanane na kile cha zamani. Labda anayekuja huko akikuta pamebadilika atarudi alikotoka.

Akamwita Paskali. Paskali ni fundi wa Ikungi wa siku nyingi, alikuwa rafiki wa Nathanaeli, kwa hiyo Raheli ni shemeji yake, na utani hauishi.

"Shemeji, umeniita kutengeneza nyumba au umekumbuka kwamba mimi bado kijana?"

"Wewe ulikuwa kijana mwaka gani? Ingia uone chumba."

Paskali alizunguka chumba akigonga kuta. Akasema nyumba ya kupangisha siku hizi mpangaji akiingia anaangalia dari kwanza, kwa hiyo dari iwe ya bodi nyeupe. Madirisha ya mbao yatoke, yaje ya aluminiamu na vioo. Na yale matundu ya hewa juu ya kuta, ambayo yule wa barabara aliyaacha kila upande na watu kila baridi huyasokomea matambara, yazibwe kabisa na kupigwa lipu, maana ndiyo yanayoingiza baridi na vumbi na popo.

"Na mwezi wa kumi na moja je?" Raheli akauliza. "Bati likiwaka, joto si lilikuwa linatoka nje kwa matundu hayo?"

"Innocent alinipigia, anasema joto likija ataleta AC."

"AC? Ikungi?"

"Na mimi nilimjibu hivyo hivyo. Upepo wote huu tunapewa bure, halafu mtu anunue mwingine wa kwenye sanduku." Akacheka mwenyewe. "Joto lina miezi yake, shemeji. Sasa hivi ni baridi, tuzibe."

Akaziba. Alifanya kazi nzuri, lipu laini kama unga. Siku aliyomaliza madirisha ilikuwa mchana wa upepo mkali, jua linawaka lakini halina nguvu, na vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Akawasha mkaa, akauweka ndani ya meko ya ukutani, akafunga mlango na vile vioo vipya, akapanda ngazi kupigilia dari. Raheli alikuwa jikoni kwake, anasikia nyundo. Baadaye akawa haisikii. Alimimina chai kwenye kikombe, akaenda nayo.

Alimkuta Paskali ameketi chini, mgongo ukutani, nyundo mapajani. Uso ulikuwa mwekundu ajabu, na macho yako wazi lakini hayamwangalii mtu.

Kikombe kikamponyoka. Moyo wake ulisema neno moja tu, kwamba amekuja, na mchana kweupe. Raheli hakumbuki alipata wapi nguvu. Alimshika makwapani, akamburuta, kisigino kimoja kikichora mstari kwenye vumbi la lipu sakafuni, mpaka nje, na huko upepo ukampiga usoni. Akamsomea Baba Yetu. Katikati ya sala Paskali akageuka upande akatapika.

Walikaa hapo muda mrefu. Mwishowe Raheli akauliza kwa sauti ndogo, "Alikukalia kifuani?"

"Nani?"

"Mama."

Paskali alitikisa kichwa, halafu akajuta, kwa jinsi kilivyomuuma. "Sijamwona mtu, shemeji. Ni kichwa kinapasuka na miguu imekataa." Aliinua macho taratibu, akaangalia juu ya bati, akabaki anaangalia. "Moto unawaka kule ndani. Ile dohani haitoi kitu. Hata ile hewa inayotetemeka juu ya moto haipo."

"Imezibwa."

"Na nani?"

"Nathanaeli."

Paskali alikuwa hajaambiwa; siku zile alidhani upepo umegeuka tu. Alikuwa amekula na Nathanaeli, amelia msibani kwake, na msibani kwa mama yake alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Raheli alimwona anavyohesabu kimya kimya, dohani ilizibwa lini, bibi alikufa lini, na wapangaji waliota mkaa humo miezi gani, na yeye naye akahesabu, na wote wawili wakafika mahali pamoja bila mtu kufungua mdomo. Hewa ya mkaa haina harufu. Inajaa chumba kilichofungwa kama maji yanavyojaa mtungi, na aliyelala ndani hajui.

"Alikufa hajui," Raheli akasema. Alikuwa anamzungumzia mumewe. Kisha akafikiri kwamba huko aliko sasa, mama yake atakuwa amekwisha kumwambia, na wazo hilo likamtoa machozi. Alimwomba Mungu wawe wamekaa pamoja kwa amani na lisemwe kwa upole.

Paskali aliponyanyuka alizungumza kama fundi, pengine kwa sababu hakujua kuzungumza vingine. Alisema lile kosa la matundu ni lake, atayazibua yote na kuyawekea wavu. Dari ataiachia nafasi pembeni, ili joto la bati lipate pa kutokea mwezi wa kumi na moja. Chini ya mlango ataacha uwazi wa kidole, hewa safi iingie chini na chafu itoke juu.

"Na dohani?"

"Dohani tunaweza kuiacha hivyo, umkataze Lucy asiweke moto."

Raheli alimtazama. Mzazi aliyetoka kujifungua, Julai, Ikungi, akatazwe moto? Mama yake atakuja na jiko chini ya khanga. Maji ya kumkanda yatachemshiwa wapi, na mtoto ataogeshwa kwenye baridi ipi? Hakuna mwanamke wa huku atakayekubali.

"Wewe unajua ikizibuliwa itafanya nini," Paskali akasema.

"Najua."

"Watu watahama hata barabarani."

"Zibua."

Alipanda na patasi. Raheli alisimama uani, mikono ameifunga kifuani. Saruji ya Nathanaeli ilikuwa ngumu, aliifanya kwa mapenzi. Mfuniko ulipotoka upepo ulikaa kimya kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, halafu dohani ikalia.

Nyundo ilisimama. "Shemeji. Umesikia?"

"Nasikia. Endelea."

Ilikuwa sauti ile ile. Mtoto mchanga, anapanda, anakatika, anaanza upya, kana kwamba miaka yote hiyo alikuwa ameshika pumzi. Paskali alisema atapunguza makali. Akatengeneza kofia ya bati, akaifunga juu ya mdomo wa dohani kwa miguu mitatu, upepo usiingie moja kwa moja. Sauti ikabadilika kweli. Ikashuka, ikawa nzito, ndefu, yenye mikwaruzo. Sasa haikuwa sauti ya mtoto. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee anayeguna peke yake mbele ya moto.

"Hivi ni afadhali," Paskali akasema kutoka juu.

Raheli aliingia jikoni kwake, akapuliza moto, akaweka chai nyingine.

Lucy alirudi kutoka kituo cha afya na mtoto wa kike, pamoja na mama yake, Severina, mkulima wa viazi kutoka Mkiwa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Severina alifika mlangoni kwa furaha zote, vifurushi kichwani, na dohani ikaguna. Akasimama.

"Dada, ndani kuna mgonjwa?"

"Hapana. Ni dohani."

"Mimi nimezeeka, lakini masikio ninayo. Huyo ni mtu."

Raheli hakupenda kudanganya. Aliwaketisha barazani akawaeleza yote, kuanzia bibi mpaka Paskali, na akasema dohani wala matundu ya hewa yasizibwe, na jiko likae ndani ya meko tu, lisitoke kuja katikati ya chumba. Severina alisikiliza akiwa amemkumbatia mjukuu.

"Sasa huyo anayelia ni nani?"

"Ni upepo," Raheli akasema. Akaangalia juu ya bati. "Naambiwa ni upepo."

"Lucy, twende Mkiwa."

"Mama, Mkiwa tutalala wapi, juu ya viazi?" Lucy alikuwa amechoka, uso umemshuka. "Huyu naye analia usiku na mchana. Watalia wote wawili. Mimi nataka kulala."

Wakaingia. Moto ukawashwa ndani ya meko, na Raheli aliona kwa macho yake jinsi hewa ya moto ilivyovutwa juu, majivu mepesi yakipanda nayo. Chumba kikawa na joto zuri, kavu. Asubuhi Lucy aliamka haumwi kichwa, hana kichefuchefu. Raheli alipiga goti akamshukuru Mungu.

Lakini Severina hakuzoea. Kila upepo ukivuma alikuwa akijifunika khanga masikioni. Alisema sauti inamjua, ikianza yeye akiwa peke yake na mtoto inakuwa kama inaomba kumpokea mtoto.

"Dada, usiku nimeisikia inasema lete."

"Usiseme hivyo."

"Nasema nilichosikia. Weka hata gunia tu, kidogo."

"Severina, ukisikia kimya humo ndani, mtoe mtoto nje. Kilio usikiogope. Ogopa kimya."

Severina alimtazama kama mtu anayemtazama aliyechanganyikiwa, akaenda zake kukoroga uji.

Mchana mmoja Raheli alikuwa uani anaanua alizeti. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo, unapeperusha makapi mpaka ng'ambo ya barabara, na mikaratusi ya jirani ilikuwa inainama na kunyanyuka. Alifanya kazi yake huku akiona kwamba kuna kitu kimepungua, hajui nini. Ilimchukua muda. Miti inainama, bati linagonga, na dohani imenyamaza.

Aliacha ungo ukaenda na upepo.

Mlango ulikuwa umefungwa, na chini yake pamesokotwa khanga. Aliusukuma kwa bega. Joto lilimpiga usoni, zito, la kulevya. Gunia lilikuwa limeshindiliwa kwenye mdomo wa meko mpaka juu, na matambara kwenye matundu ya hewa, na jiko la mkaa limekaa katikati ya chumba, jekundu, zuri, kando ya kitanda. Lucy amelala. Severina ameketi sakafuni, kichwa kimeegemea kitanda, mtoto mapajani mwake, na mkono wa mtoto umening'inia.

Raheli alimchukua mtoto kwanza. Akamtoa akamlaza juu ya makapi ya alizeti, upepo ukimpiga, akarudi kwa Lucy, akamvuta kwa mabega, akarudi kwa Severina, naye alikuwa mzito na alikuwa anajaribu kusema kitu. Alipofika nje na huyo wa tatu alipiga magoti kwa mtoto. Kichanga kilikuwa kimelegea. Raheli alimpuliza usoni, akamsugua mgongo, akamwita. Hakuwa amepewa jina bado, kwa hiyo hakujua amwite nani, na jina lililomtoka mdomoni lilikuwa Alute.

Mtoto alikunja uso. Akavuta hewa, akaachia kilio chembamba, halafu kikubwa, halafu kikubwa zaidi, mpaka watu wakatoka dukani ng'ambo ya barabara. Waliwachukua wote watatu kwa bajaji hadi kituo cha afya. Waliangaliwa, wakapewa hewa, wakaambiwa wamewahi.

Jioni waliporudi, Raheli alikuwa amekwisha kung'oa gunia, ametoa matambara, na jiko liko mahali pake ndani ya ukuta. Upepo ulikuwa bado unavuma na dohani ilikuwa inaguna. Severina alisimama mlangoni.

"Ulijuaje, dada?"

"Sikumsikia mama."

Severina aliingia polepole. Alipita kitanda, akaenda mpaka mbele ya meko, akavua kandambili, akapiga goti kama anavyopaswa binti mbele ya mkubwa wake.

"Shikamoo, mama," akasema ndani ya dohani.

Raheli alitaka kumwambia kwamba ni upepo tu. Hakumwambia; akangoja pamoja naye dohani iitikie marahaba.